Mboga Zilizonyweshwa Namuwongo

Faida mwanangu,

Sikuandikii habari ya sweta. Sweta, pasipoti, unga wa muhogo niliokukataza na bado umeuficha chini ya viatu, hayo yote unayajua kuliko mimi, na Uholanzi nako kuna maduka. Nimekaa mezani, sahani za wageni bado hazijaoshwa. Nimeshtuka, mwanangu. Nimeshtuka hadi nimesahau kulia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulia tangu wiki iliyopita.

Wewe umejifungia chumbani na hutaki kuongea nami. Sawa. Kesho mchana unapanda ndege, kwa hiyo nitaongea kwa kalamu na nitaipitisha barua chini ya mlango wako. Isome kabla hatujatoka asubuhi, maana mwishoni nina jambo la kukuomba. Leo jikoni uliniambia ninyamaze. Nataka ujue kwa nini siwezi, na nataka ujue pia kwamba nusura nikubali.

Niache nianze na asubuhi, kwa sababu yaliyotokea kule Namuwongo hukuyaona.

Nilikwenda kuchukua sufuria kubwa za Tantine Nabintu. Yeye alisema angezituma na boda. Nikasema aka, leo ni siku ya mtoto wetu, nitakwenda mwenyewe nimshtue. Kumbe wa kushtuliwa ni mimi! Nikavuka reli, nikapita kwa wakaanga mandazi, na nilipozunguka nyuma ya chumba chake nikawaona. Wanawake wote wa kikundi chetu cha mboga, wale niliowafundisha kwa mikono yangu kutandaza mipira ya kumwagilia kwa matone shambani, wamekunja bitenge hadi magotini, wamesimama kwenye ukingo wa mfereji mkubwa, wanachovya mafungu ya lengalenga, ule mchicha wetu, na saladi na dania. Wanachovya, wanakung'uta, wanapanga kwenye vikapu. Mfereji ule, Faida! Mfereji unaobeba kila kitu ambacho mji huu haukitaki. Maji yale nimeyateka kwenye chupa za kupimia miaka yote, nikiwa nimevaa glavu hadi kwenye viwiko.

Na Nabintu wala hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza. Angejificha, angetupa kikapu, angedanganya, ningepata pa kushika. Aliniona akacheka.

"Karibu, Mama Prof! Leo unakuja kupima nini?"

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunazinywesha. Zimelala na joto, zimezimia. Nani atanunua mboga yenye kuzimia?"

"Kwa maji haya?"

"Kwani hapa iko mengine?" Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini watu huvaa viatu. "Zitaoshwa kule jikoni. Halafu, si wewe mwenyewe ulisema mboga zetu ni safi? Wateja wakiuliza tunawaambia, Prof wetu alipima."

Prof wetu alipima. Banange! Nilishika ukuta. Mama mmoja akaniletea kigoda akidhani nimepatwa na kizunguzungu cha njaa.

Ni kweli nilipima. Nilipima maji ya kisima kule shambani kwao, nje ya Nateete. Nilipima udongo. Nilipima majani yakiwa bado kwenye shina. Kila kitu kilikuwa safi, nikaandika kwamba ni safi, nikasimama mbele ya wapishi wa shule na hoteli nikasema ni safi, nikaenda hadi redioni. Kisha jioni kisu kinakata shina, mboga zinapakiwa kwenda kulala Namuwongo kwa Nabintu ili alfajiri ziwe karibu na soko, na sayansi yangu imebaki shambani inajipongeza. Sisi watu wa maji ya kilimo tuna ugonjwa huo. Kwetu maji ni yale yanayoingia kwenye mizizi. Mboga ikishakatwa tunasema hiyo ni kazi ya watu wa chakula, na watu wa chakula wanasema waliipokea ikiwa imeshapimwa. Hapo katikati hakuna anayetazama.

Ubaya wenyewe hauishii hapo. Zamani wapishi wale walikuwa hawatuamini. Saladi waliiloweka kwenye maji ya chumvi, lengalenga walizichemsha hadi zinakuwa uji. Mimi ndiye niliyewaondoa wasiwasi. Mpishi mmoja wa shule aliwahi kunishika mkono, akaniambia tangu anisikie redioni anasuuza mara moja tu na kuweka mezani, nimempunguzia kazi. Nilirudi nyumbani siku ile nikiimba. Leo nimeikumbuka sura ya yule mama nikiwa kwenye kigoda, nikatapika.

Unajua habari zangu vipande vipande, kwa sababu mimi huzisimulia nikiwa nimekasirika. Leo zisikie kwa mpangilio.

Nilizaliwa bonde la Ruzizi kwa baba mkulima wa mpunga. Kule maji ni zamu, na mtu akiruka zamu ya mwenzake watu hawasalimiani hata msibani. Baba alikuwa ananituma kukaa kwenye lango la mfereji ili maji yetu yasigeuzwe, na mimi nikayapenda yale maji kuliko mpunga wenyewe. Nikayafuata hadi chuoni Bukavu, msichana peke yangu katikati ya wavulana. Nikapata diploma, nikapata kazi, nikakupata wewe. Halafu vita. Baba yako hakutoka kule, hilo unalijua na sitaliongeza. Diploma ilibaki ndani ya nyumba. Wewe ulibaki mgongoni kwa Nabintu, jirani yetu, kwa sababu mimi mguu wangu ulikuwa umevimba siwezi kubeba hata kikombe.

Nikafika Kampala na mtoto, na Nabintu, na kichwa kilichojaa hesabu za maji ambazo hakuna mtu aliyezihitaji. Tuliuza bitenge Nateete, tunatembeza kichwani mlango kwa mlango. Nilipopata kazi ya kuosha chupa kwenye maabara ya maji, Nabintu aliacha kutembeza ili akulee. Nilipokubaliwa kuanza chuo upya, mtu mzima kati ya vitoto vya jana, kwa Kiingereza ambacho kilinikwama kooni kama mwiba wa dagaa sambaza, ni Nabintu aliyekwenda kwenye mikutano ya wazazi shuleni kwako. Walimu wako walidhani mimi ndiye dada wa kazi.

Na kazini je? Kila ripoti yangu ilisomwa mara mbili. "Huyu alisomea wapi?" "Kongo? Cheti kiko wapi?" Mwenzangu mwenyeji akikosea, wanasema Fulani kakosea leo. Mimi nikikosea, wanasema Mkongomani. Basi nikaapa sitakosea. Nikawa mkali, nikawa ninarudia vipimo hadi mafundi wananikimbia wakiniona. Wakaanza kuniheshimu. Mama Prof hakosei! Nikalipenda jina hilo, mwanangu, nikalivaa kama kitenge cha sikukuu.

Leo ndiyo nimeona nililinunua kwa njia gani. Njia nyepesi ya kutokosea ni kuuliza maswali ambayo jibu lake unalimudu. Kisima kina uchafu au hakina? Hilo nalimudu. Lakini mboga inapita wapi baada ya kukatwa, mikononi mwa nani, nani atakasirika nikiuliza? Hapo ningeweza kukosea. Hapo ningeweza kugombana na watu wangu. Sikuwahi kujiambia "usiulize". Sikuuliza tu. Nimekwenda kwa Nabintu mara zisizohesabika, tumekaa mbele ya chumba chake tukinywa chai, na mgongo wangu umeupa mfereji. Nyani haoni kundule, wanasema, nami nilikuwa nimesomea kabisa kutoliona.

Ndipo nikarudi nyumbani, nikakukuta wewe jikoni unachambua lengalenga zilezile, alizozituma Nabintu kwa boda. Nikakuambia yote, nikihema. Nilitegemea ushike kichwa. Wewe hata kisu hukukiweka chini.

"Mama, hata mimi nilikuwa nazinywesha. Likizo zote."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua, Mama."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa unauliza habari za shamba tu. Halafu ukirudi nyumbani ulikuwa umechoka, na ulikuwa unafurahi. Sasa ningekuambiaje?"

Faida, nimeshtushwa na mengi maishani. Nimesikia milio ambayo sitakusimulia. Lakini sentensi ile ya "ulikuwa unafurahi" imeyashinda yote. Mtoto wangu, ambaye kesho anakwenda kusomea maji, amekaa na jambo hili miaka yote ili asiniharibie furaha. Nikakumbuka ile likizo uliyougua taifodi, ukakonda hadi masikio yakawa makubwa, na mimi nikaenda shuleni kwenu kumfokea mwalimu mkuu habari ya tangi lao la maji. Maskini yule mama alilisafisha tangi zima kwa ajili yangu. Siwezi kuthibitisha kwamba taifodi ile ilitoka mfereji wa Namuwongo. Mtu wa sayansi hasemi asichokuwa na ushahidi nacho. Lakini nimekaa hapa nikijiuliza, nawe ungejiuliza.

Halafu ukasema lile la pili. "Usiseme Jumatatu, Mama. Ngoja kwanza. Nabintu ana nini kingine?"

Jumatatu nina mkutano na wanunuzi wote. Walitaka niwape neno tena, kama kawaida yangu, ili waendelee kununua. Na wewe una haki. Nikisema ukweli, wanunuzi watakimbia siku hiyohiyo, na wanawake wale watarudi kutembeza bitenge kwenye jua. Nabintu magoti yake yamekwisha, hawezi tena kutembeza kitu. Yote hayo nayajua.

Sasa nikuambie kilichonishtua kupita mfereji, kupita hata wewe. Uliposema ninyamaze, moyo wangu ulifurahi. Naapa kwa Mungu. Kwa muda mfupi nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikaanza kupanga: nitasema vipimo bado vinaendelea, nitawanong'oneza akina mama waache, baada ya muda mambo yatakuwa sawa na hakuna atakayejua. Hakuna atakayejua kwamba Mama Prof alikosea! Wewe ulikuwa unamwonea huruma Nabintu. Mimi nilikuwa najionea huruma mwenyewe, nikiwa nimejifunika huruma yako. Nilipojitambua, nikachukua beseni lote la mboga nikalimwaga kwenye pipa. Ulidhani nimepandwa na hasira juu yako. La, mwanangu. Nilikuwa najikimbia.

Yaliyofuata uliyaona, lakini sijui uliyaona vipi, kwa hiyo nitayasema nilivyoyaona mimi. Wageni wakaja, wakaimba, mchungaji akaomba sala ndefu kama barabara ya kwenda Kasese. Tukala bugali na sambaza. Nabintu, katika kitenge chake kipya, akatazama huku na huku.

"Lengalenga zangu ziko wapi? Nilizichagua mimi mwenyewe kwa ajili ya mutoto."

Ningeweza kusema zimeungua. Watu husema hivyo kila siku. Nikasema, "Nimezitupa."

Hata watoto waliacha kutafuna. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umetupa mboga zangu?" Nikamjibu mbele ya wote kwamba Jumatatu nitawaambia wanunuzi. Hapo ndipo nilipokosea tena, Faida, na hili lifahamu vizuri: kusema ukweli ni jambo moja, na kumsemea mtu ukweli wake mbele ya wageni akiwa na tonge mkononi ni jambo lingine. Nilikuwa na saa nzima asubuhi ya kumwambia pembeni, mimi na yeye, kwenye kigoda kile. Nilitapika, nikachukua sufuria, nikaondoka. Niliogopa. Kisha nikaja kupata ujasiri palipo na watu wengi.

Akasimama. Sijawahi kumwona mrefu vile.

"Siku ile mu njia, mutoto wako alikuwa analia kiu. Nilichota maji mu tope, nikayachuja na kitambaa cha kichwa changu, nikamunywesha. Siku ile haukuuliza maji imetoka wapi. Ulisema aksanti."

Akachukua sufuria zake, zingine zikiwa bado na bugali, akatoka. Ulimfuata mbio. Uliporudi macho yako yalikuwa mekundu, ukanipita kama unayepita nguzo ya umeme, ukafunga mlango. Nabintu alisema kweli tupu. Wewe uko hai kwa maji ambayo mimi ningeyakataza.

Basi nifanye nini? Nimelizungusha hadi kichwa kinauma. Jumatatu nitasimama. Sitasema "wale wanawake". Nitasema mimi nilipima nusu ya safari nikawaambieni nimepima yote. Nitawaambia warudie maji ya chumvi na kuchemsha kuanzia mlo ule ule. Nitawaomba wasiwaache akina mama, wanisaidie kupata bomba na tangi pale nyuma ya kwa Nabintu, ili mboga zinywe maji ya watu. Wengine watanicheka. Wengine wataondoka, na wakiondoka, watu ninaowapenda watalala njaa kwa mdomo wangu, na hakuna maneno matamu yatakayobadili hilo. Huenda na kazini waniambie, tulijua tu, Mkongomani. Wacha waseme. Mtoto fulani katika shule fulani atakula saladi Jumanne, na mama yake hanijui, na hakunichagua. Yeye ndiye anayenizuia kunyamaza.

Mwanangu, huko unakokwenda utakuwa mgeni kama nilivyokuwa mimi. Watayasoma mara mbili maandishi yako. Utashawishika kuwa yule asiyekosea kamwe, na utaona inalipa, maana mimi imenilipa hadi leo asubuhi. Sina dawa ya hilo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mtu asiyekosea hukaa peke yake. Watu wanaompenda huanza kumficha mambo ili asiharibikiwe. Hata mtoto wake mwenyewe humficha. Ukiona watu wako wanakusifu sana na kukuambia kidogo, rudi nyumbani ukaulize, hata kama hujui utafanya nini na jibu. Na mimi uniambie. Hata nikiwa nafurahi. Hasa nikiwa nafurahi! Nitapiga kelele, unanijua, nitasema umenikosea adabu, kisha nitakaa chini nikusikilize.

Sikulaumu kwa kuniomba ninyamaze. Nilikutazama ukimkimbilia Nabintu barazani bila viatu na nikasema moyoni, huyu nimemlea vizuri. Halafu nikajisahihisha. Huyu amelelewa vizuri na Nabintu.

Sasa ombi langu. Kesho tulikuwa tumepanga kwenda Entebbe sote watatu. Nimempigia Nabintu simu, hapokei. Nimetuma ujumbe, ameusoma na kunyamaza. Hatakuja. Kwa hiyo nimemwambia dereva aje mapema, tupitie Namuwongo. Mimi nikigonga ule mlango hatanifungulia, na ana haki yake. Gonga wewe. Mwambie uko peke yako, kwa sababu utakuwa peke yako, mimi nitabaki garini ng'ambo ya reli, asinione. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Huo ni mzigo wangu, nitaubeba mwenyewe kwa miguu yangu, hata ikibidi nikae kizingitini kwake mwaka mzima akinimwagia maji ya vyombo. Wala usimweleze habari ya Jumatatu, anaijua.

Muage tu kwaheri. Na akikushika, usitazame saa, usiwaze ndege, mwache akushike kadiri anavyotaka. Wewe ni mtoto wake pia, Faida. Hilo lazima alisikie kesho kutoka kwako, maana kuanzia Jumatatu mimi sitakuwa na uso wa kumwambia.

Mama yako